Jina la Mkwe Kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemnyanyua Nambela kutoka kitandani na kumkalisha kitini kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nilishika kikombe cha chai.

Uongo. Nimetumia mikono miwili, magoti mawili, na meno niliyobakiwa nayo. Tulikwama katikati ya chumba tumekumbatiana, mbele siendi, nyuma sirudi. Mtu angechungulia angesema wazee hawa wanacheza dansi. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumkumbatia hivyo mchana.

Chai ilikuwepo kweli. Ilipoa.

Uji saa moja. Dawa ya presha. Kumwogesha kwa beseni. Mafuta. Shuka. Kutoa nguo chafu mlango wa nyuma, mkwe azichukue nikishaondoka. Yeye hafahamu mimi naogesha vipi, mimi sifahamu yeye anafua saa ngapi. Kila mtu na upande wake wa ukuta.

Kiharusi kilimpiga Nambela mwaka jana, tukiwa tunapura maharage. Upande wa kulia wote umelala. Maneno yalikimbia, likabaki moja: mjinga. Leo nimeitwa mara nne. Mchungaji alipokuja kumwombea naye aliitwa. Akaitikia amina.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nambela amelala, nimetoroka kwenda drafti kwa Kibona, nyumba ya tatu. Nimemfunga mara mbili. Mara moja niliiba kete.

Wazee wenzangu wakauliza habari za mgonjwa. Nikasema mkwe anahangaika naye. Nasema hivyo tangu Novemba. Ulimi umeshazoea, hautetemeki.

Uongo huu ulizaliwa pale pale kwenye drafti. Walipita afisa ustawi wa jamii na Rehema, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Walikuwa wanaandika watu wanaouguza ndugu zao nyumbani bila mshahara. Kuna kikundi cha watu hao, wanafundishwa, wanaazimwa vifaa, wanatafutiwa mtu wa kuwapokea siku moja moja wapumue. Afisa akaniuliza mbele ya wazee wote: "Mzee Sichone, nani anamwogesha bibi, nani anamlisha?" Wazee wakaacha kete, wakanitazama.

Nikasema, "Swali gani hilo? Mkwe wangu."

Akaandika: Neema, na namba yake ya simu. Kibona akasema nimejaliwa mkwe. Nimejaliwa kweli. Ila hajawahi kukanyaga chumbani mwangu hata kwa kumkimbia nyoka.

Kwetu mkwe haingii chumba anacholala baba mkwe. Hakalii kiti nilichokalia. Hatupeani kitu mkono kwa mkono. Anaweka chini, anasogea, naokota. Na chumba anacholala Nambela ndicho ninacholala mimi. Hesabu ya darasa la pili. Nami nilifika la nne.

Afisa ni mgeni wa huku, Rehema kwao Tanga, baba yake alikuja na malori. Hawakupiga hiyo hesabu. Wazee wanaijua, ila hakuna aliyewahi kuona kitanda changu kiko wapi.

Elia, mwanangu, mume wa Neema, yuko Saza anachimba dhahabu. Mpaka sasa amepata kikohozi.

Jumamosi, 8 Machi

Amenitemea uji. Wote. Usoni.

Nilitoka nikakaa juu ya gogo uani. Nilimchukia. Niandike hivyo hivyo, nilimchukia kwa muda wa kutosha kuvuta sigara moja, na sigara nimeacha.

Halafu nikarudi. Hakuna mwingine wa kurudi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeona kitu nikimwogesha. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokaa. Ngozi imekuwa nyeusi kuliko kwingine na inang'aa, katikati imechubuka. Upana wa kifuniko cha soda.

Nimepaka mafuta ya mgando. Nimemlaza chali apumzike.

Sijamwambia mtu. Nimwambie nani, na mimi siye ninayeogesha?

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Niiandike kwa mpangilio.

Rehema alikuja saa nne. Amefunga Ramadhani, hivyo chai yangu nikaificha kwa adabu nikaimalizia jikoni. Akasema, "Babu, leo nimekuja kumwona Neema akimgeuza bibi. Kikundini hakuna anayemfikia."

Kikundini gani?

Kumbe Neema anaenda kila Jumatano tangu Januari. Mimi nilidhani anaenda sokoni. Walimpigia simu, wakamwambia jina lako limeletwa na baba mkwe wako. Akaenda. Hakuniuliza kwa nini nimemtuma. Mkwe haulizi. Amefundishwa kugeuza mgonjwa, kuogesha, kulisha mtu asipaliwe. Ameazimwa hata godoro la upepo la kuzuia vidonda. Liko kwake, nyumba ndogo ya uani, limo ndani ya mfuko wake, limefunikwa kitambaa lisipate vumbi. Anangoja niliombe.

Rehema akamwita. Neema akaja mpaka koridoni, akapiga magoti, uso ukutani.

"Inuka basi, tuonyeshe."

"Dada, siwezi. Humo ni kwa baba."

"Kwa baba vipi, na kila siku unamwogesha?"

Rehema akamvuta mkono. Neema akashika mwimo wa mlango kama mtu anayevutwa na mto. Kitandani Nambela akasema, "Mjinga." Hakuna aliyeuliza anasemwa nani.

Nikasema ni mimi. Naogesha mimi, nalisha mimi, nilidanganya.

Rehema hakucheka. Angecheka ningeshukuru. Alinawa mikono, akamgeuza Nambela, akakiona kidonda. Akaniuliza namgeuza kila baada ya saa ngapi. Nikamuuliza anageuzwa kwa nini. Mimi nilijua mgonjwa anaachwa atulie. Nikishamtoa kitini asubuhi namlaza chali mpaka jioni, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba simsumbui.

Kumbe ni mimi niliyekitengeneza kile kidonda. Kwa upole wangu.

Aliyefundishwa haingii. Anayeingia hakufundishwa. Ndiyo fomu niliyoijaza.

Jumapili, 16 Machi

Esta amekuja. Binti yangu, mjane, anaishi Isoka, ng'ambo ya Zambia. Kutoka hapa ni nusu siku, ukihesabu na foleni ya mpakani. Nani alimpigia simu sijui. Alipitiliza chumbani kwa mama yake, akafunua shuka. Nilimsikia anavuta pumzi.

Alianza na Neema. "Wifi, fomu ina jina lako! Mnafundishwa nini huko, kusuka?"

Neema alikuwa amepiga magoti mlango wa jikoni. Hakusema baba ndiye alidanganya. Alipokea maneno yale kama jiwe linavyopokea mvua.

Mimi nilinyamaza pia. Nilinyamaza muda unaotosha kusali Baba Yetu mzima. Halafu nikasema aliyedanganya ni mimi.

Esta akaniangalia. "Batata," aliniita, kama wanavyoita baba huko kwao, "mama anaoza nawe unacheza drafti."

Amesema atarudi Jumapili ya tarehe thelathini, na gari. Akikuta kidonda kimekua, mama anavuka mpaka. Ana chumba, mabinti zake wawili watalala humo na bibi yao, kliniki iko jirani. Mimi sikutajwa. Sishangai. Babu halali chumba kimoja na wajukuu wa kike, na kule hakuna kingine.

Akamwinamia mama yake, "Mama, twende Isoka?" Nambela akashika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Akashika kweli. Tulijaribu kuufungua ule mkono wawili, mimi na Esta, tukashindwa.

Esta akalia. Akaondoka na gari la jioni.

Akienda Isoka hatarudi. Wote tunajua. Naogopa.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimeanza shule, nina miaka sabini na nne. Mwalimu ni mkwe wangu na tumetenganishwa na pazia.

Aliacha godoro mlangoni, akasogea, nikaliokota. Nimelitandika. Lina kimashine kinachovuma kama mbu aliyeshiba. Umeme ukikatika kinanyamaza, na umeme wa huku unajulikana.

Halafu somo. Neema koridoni, mimi ndani.

"Samahani, baba. Kunja goti lake la mbali."

Nikakunja.

"Samahani, baba. Umekunja lipi?"

"La mbali."

"La mbali na wewe, baba, siyo la mbali na mlango."

Mkwe kumwamuru baba mkwe! Kila amri inatanguliwa na samahani, kila samahani inanipunguza inchi moja. Shika bega. Shika nyonga. Usivute kwa mgongo, egemea nyuma. Nikaegemea nyuma. Nambela akaja kama gunia lililokatika kamba, kichwa kikagonga ukuta.

"Mjinga," akasema. Hapo sina rufaa.

Nimechora alama za mkaa ukutani, moja kwa kila saa mbili. Kushoto, chali, kulia. Kidonda kimebaki kifuniko cha soda. Labda na robo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimegeuza mara zote. Usiku pia. Sina la kusema. Usingizi.

Jumamosi, 22 Machi

Mgongo umekatika. Nilikuwa nimeinama nimfute, ukafunga pale pale. Nilishuka taratibu mpaka sakafuni, taulo mkononi. Nikabaki hapo.

Neema alisikia beseni likianguka. Akaja mpaka kwenye pazia.

"Baba?"

Nikasema usiingie.

"Baba umeanguka?"

Nikasema nimelala kidogo, usiingie.

Aliona miguu yangu chini ya pazia. Mimi niliona yake. Vidole vilikuja mpaka kwenye kizingiti, vikarudi. Vikaja, vikarudi. Kitandani Nambela alikuwa uchi nusu, maji yanapoa, anatetemeka, na neno lake moja halikusaidia. Neema alikuwa analia. Anajua cha kufanya chote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hatua nne tu.

Mila ni mila. Na mimi ningeweza kusema ingia. Sikusema. Niliona haya kukutwa chini na taulo.

Akakimbia kumwita Kibona. Kibona akanikuta hivyo: suruali imekunjwa, sabuni mpaka kwenye kiwiko. Alisimama akatazama beseni, akatazama taulo, akanitazama mimi.

"Sichone," akasema, "mkwe wako ameota ndevu siku hizi."

Halafu akamfunika Nambela bila kumwangalia, akaninyanyua. Saa sita mtaa wote ulikuwa unajua.

Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa. Nilikula ugali.

Jumapili, 23 Machi

Nimelala ubavu kama mgonjwa wa pili. Asubuhi walikuja akina mama wawili wa kikundi, Rehema aliwatuma. Walimwogesha, walimgeuza, walicheka na mimi, mmoja akaniita mume wa mfano. Nikamwambia ameolewa kwa haraka mno. Wana wagonjwa wao nyumbani. Wanaweza Jumapili na Alhamisi. Siku nyingine hawawezi.

Kidonda sasa ni kifuniko cha kopo la mafuta.

Rehema alipita baada ya kufuturu. Akasema kikundi kinaweza kunisaidia lakini hakiwezi kuhamia kwangu. "Babu, mtu aliyefundishwa unaye, hatua nne. Toa hilo pazia."

Nikasema siyo pazia.

Hakubishana. Akauliza, "Basi ni nani mwenye uwezo wa kulitoa?"

Nilifikiri. Nikasema dada yangu.

Jumanne, 25 Machi

Dada Leya amefika kutoka Galula. Amepita themanini. Amekuja nyuma ya pikipiki kwenye matope yote yale, amemkumbatia dereva kiunoni bila haya, akashuka akamlaumu kwamba anaendesha polepole.

Yeye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Kwa wanangu ni shangazi, na kwetu shangazi akishasema, hata baba anaweka kofia chini.

Akadai muhindi wa kuchoma kwanza. Akasikiliza akiutafuna. Akaingia akamwona Nambela, akakaa naye. Akatoka.

"Mila inasema mkwe asiingie chumba cha baba mkwe," akasema. "Cha mama mkwe haikutaja. Kitanda chako kinafanya nini mle?"

"Dada, kitanda ni kimoja."

"Basi cha kutoka ni wewe."

Nikacheka. Hakucheka. Akaeleza. Nitoe vitu vyangu vyote kwa mikono yangu mwenyewe, mtu asinisaidie. Kisiachwe hata kiberiti. Nifagie nyayo zangu kutoka kitandani mpaka kizingitini, nikitembea kinyumenyume. Nimtolee Neema kuku. Toka hapo ni chumba cha Nambela. Mimi nikitaka kuingia, nibishe hodi kama mgeni, na Neema atoke kwanza.

Nikamwambia hiyo siyo mila, hiyo ni talaka.

"Talaka ni nafuu kuliko matanga," akasema, akaomba muhindi wa pili.

Nimekasirika. Tangu nioe sijalala chumba kingine ila nikiwa safarini. Hata tulipogombana tulilala humo humo, tumepeana migongo. Huyu mwanamke anakoroma upande mmoja tu wa mdomo sasa na nimeshazoea. Nani atamsikia akipaliwa?

Najua nani. Neema.

Bado nimekasirika.

Jumatano, 26 Machi

Kidonda kimepita kifuniko cha mafuta. Kina harufu.

Natoka.

Alhamisi, 27 Machi

Mgongo bado mbovu, kwa hiyo kuhama chumba kimoja kumechukua asubuhi nzima. Koti. Viatu vya kanisani. Redio. Kofia mbili. Kadi ya ushirika wa kahawa ulioshakufa. Suruali ambayo Nambela alinikataza kuivaa, nilikuwa nimeificha nyuma ya kabati, akaiona nikiitoa. Jicho moja likacheka.

Nilimwambia ninakokwenda. Stoo, kwenye magunia ya ulezi. Nikamwambia siyo mbali. Alinishika mkono wa shati. Nikasubiri mpaka aachie mwenyewe. Aliachia.

Nikafagia kinyumenyume. Ukifagia hivyo unamwona mtu wa kitandani muda wote, mpaka mlangoni. Sikujua kama ndiyo sababu wazee waliweka hivyo, au ni vumbi tu.

Kuku nikamweka chini, miguu imefungwa. Neema akasogea, akamwokota. Dada Leya akasema, "Haya."

Neema akavua kandambili. Akasimama kizingitini. Nilidhani hataweza. Akaingia.

Najua alichofanya kwa sababu nilichungulia, na Dada Leya akanipiga na ufagio. Kwanza hakugusa shuka, wala beseni. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la Nambela akasema, "Mama, shikamoo." Mwaka mzima hawajaonana, na wanakaa kiwanja kimoja.

Kisha akafanya kazi. Akamgeuza kabla sijapata miwani yangu. Hakuvuta, hakugonga kichwa. Akaosha kidonda, akafunga. Akapanga mito mitatu, mmoja katikati ya magoti. Wa magoti mimi sikuwahi kuufikiria.

Nilitega sikio. Nilingoja Nambela amwite mjinga.

Hakumwita. Sikupenda. Mimi peke yangu ndiye mjinga wa nyumba hii.

Ijumaa, 28 Machi

Stoo ina panya. Tumekubaliana mipaka.

Nilibisha hodi saa tatu. Neema akatoka akapita ukutani, mimi nikaingia. Nilikaa kwenye kigoda. Mtu ukiwa mgeni kwa mkeo unaulizaje habari? Nikasema, "Habari za huku."

Jumapili, 30 Machi

Esta amekuja na gari kweli. La kukodi, lina godoro nyuma. Aliliegesha likiwa limeshageuzwa, pua inatazama barabarani. Nililiona hilo godoro nikavua kofia.

Hakunisalimia sana. Akaenda moja kwa moja chumbani, na mlangoni akasimama. Ndani alikuwemo Neema, amekunja mikono ya blauzi, anamlisha mama uji. Kijiko kidogo, kidevu kimeinamishwa, anangoja uji ushuke kooni kabla ya kijiko kingine.

Esta akanitafuta kwa macho. Nikamwonyesha stoo. Akaenda akaona koti langu juu ya magunia. Akarudi.

Akaomba kukiona kidonda. Mimi nilibaki nje, kwa hiyo haya ni ya kusikia. Neema akafungua bandeji. Akaeleza yote kama yalivyo: hakijapungua, siku tatu hazitoshi. Hakijaongezeka. Harufu imekwisha. Pembeni kunaanza nyama mpya. Rehema amekiona jana, amesema kikiendelea hivi hakuna haja ya kwenda Vwawa hospitali. Neema hakusema samahani hata mara moja. Kwa Esta alisema kama fundi anavyosema na mwenye nyumba.

Mimi nimesimama uani nimeshika kofia, dereva wa gari ananiuliza tunapakia saa ngapi.

Kisha nikasikia Esta: "Mama, twende?"

Neema ndiye alimsimulia Dada Leya, Dada Leya akanisimulia mimi. Safari hii Nambela hakushika kitanda. Alishika kitenge cha Neema, hapa kwenye fundo, na hakuacha. Esta akautazama ule mkono. Akamwambia Neema, "Nipe hiyo bakuli, wifi. Nionyeshe hicho kidevu unakiinamishaje."

Akamlisha mama yake mpaka mwisho.

Jioni gari liliondoka na mahindi mabichi juu ya godoro. Esta amesema atakuja kila mwisho wa mwezi kukagua. Namwamini, atakagua. Alipokuwa anafunga mlango wa gari akasema, "Batata, ungeniambia tu." Nikamwambia nilikuwa na shughuli, nilikuwa nadanganya.

Alicheka kidogo. Nambela amebaki.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeenda kikundini mwenyewe. Chumba cha mikutano cha ofisi ya mtaa, mabenchi, akina mama wengi na mimi. Rehema alibakiza visheti vya Idd, nikala sita kabla ya sala ya kufungua.

Afisa alileta fomu. Nikamwambia mbele ya wote asifute jina la Neema, aongeze langu chini yake. Akauliza uhusiano na mgonjwa. Nikasema mume. Akauliza kazi ninazofanya. Nikazitaja, moja moja, kwa sauti. Hakuna aliyekufa.

Mama mmoja amemuuguza mwanawe asiyetembea tangu kuzaliwa. Miaka kumi na tisa. Alisema mara ya mwisho kulala mpaka kunakucha ilikuwa yeye amelazwa hospitali na malaria, na aliipenda ile malaria. Wote wakacheka. Mimi pia. Nimelifikiria njia nzima kurudi.

Walihitaji mtu wa kugeuzwa kwa mafunzo. Nikajitolea. Wakanilaza kwenye mkeka, wakanikunja goti la mbali. Nakumbuka mpaka hapo. Nilipoamka mkutano ulikuwa umekwisha na nimefunikwa khanga za watu watatu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kuanzia leo, kila Jumamosi mama mmoja wa kikundi anakuja kwa saa mbili nzima, ili Neema apumzike nami nipumzike. Rehema amesema ni lazima, siyo hiari. Mlezi akivunjika, wagonjwa wanakuwa wawili. Mimi nilishakuwa wa pili, sihitaji kuelezwa.

Neema alilala. Mimi nilikwenda drafti. Kibona akauliza leo mkwe amenyoa? Nikamwambia amenyoa, na amekuja kukufunga. Alinifunga yeye. Mchezo wa tatu sikuucheza. Nilikuwa naangalia jua.

Nikarudi kabla muda haujaisha. Nikabisha hodi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imekatika. Wamekwenda kanisani wote, Neema kaniachia zamu. Nimemgeuza upande wa dirisha, goti la mbali, bila kugonga kitu. Mito mitatu.

Kidonda kinaelekea kurudi kifuniko cha soda.

Nilikaa karibu yake mpaka nikasikia watu wanarudi. Alikuwa amelala zamani, sikuwa na kazi pale. Nilikaa tu.

Jambo moja. Neema akifagia anatoa kigoda changu, maana kitu changu hakibaki humo, anakipeleka jikoni. Kila siku. Nikija nakuta mahali pake pamefagiliwa, hakuna kigoda, na kukirudisha mgongo wangu haujapona vizuri. Siwezi kumwambia uso kwa uso. Nitamtuma Dada Leya kabla hajarudi Galula. Amwambie hivi: mkwe, nimekuachia chumba kizima. Na wewe niachie kigoda.